Daraja Lililoibwa Kabla ya Kujengwa

Nchi hii haimo katika ramani yako. Ukimuuliza jirani yako, atasema haimo katika yake pia, kisha atabadilisha mazungumzo. Tukubaliane tu kwamba iko mahali, ina bendera, ina wimbo wa beti tatu, na ina Sheria ya Muhuri.

Sheria ya Muhuri ni fupi. Inasema kwamba jambo lolote lililopigwa muhuri wa serikali ni kweli, na kwamba hakuna ofisi itakayokanusha muhuri wa ofisi nyingine. Imewaondolea raia udhia mwingi. Mkulima mmoja wa wilaya ya kusini aliwahi kuandikwa kwa makosa kuwa amefariki. Muhuri ulikuwa umekwisha kupigwa. Mkewe akakaa eda miezi minne na siku kumi, na marehemu ndiye aliyekuwa akimchotea maji, kwa kuwa mjane hatoki. Eda ilipokwisha, marehemu alipeleka posa, akakubaliwa, wakaoana upya. Watu wa wilaya ile walikula pilau mara mbili kwa ndoa moja na hawakuona kasoro.

Katika nchi hii aliishi kachero mmoja, Inspekta Zahoro Mkwiche, ambaye hakuweza kukaa. Chai alikunywa amesimama. Magazeti aliyasoma akitembea. Ukimpa kiti alikushukuru, akakishika mgongo, akaendelea kusimama. Tena mkono wake wa kulia ulikuwa na mwenendo wake wenyewe: kila baada ya dakika chache uliingia mfukoni, ukapekua, ukatoka mtupu. Wenzake kituoni walinong'onezana kuwa ni bawasiri.

Haikuwa bawasiri. Ilikuwa nati.

*

Miaka sita nyuma, Waziri wa Madaraja na Maadili alizindua daraja la Mto Lwembezi. Nguzo mbili zilisimikwa ukingoni, utepe ukafungwa kati yake, tarumbeta zikalia, Waziri akakata. Nyuma ya utepe hapakuwa na daraja. Wageni wa heshima hawakuliona jambo hilo kwa sababu walikuwa wanautazama utepe, nao ulikuwa utepe mzuri. Cheti cha ukamilifu kikapigwa muhuri papo hapo.

Daraja jipya huhitaji mlinzi. Wakamwajiri Ndaro Mtepa, mtu mnyoofu aliyejua kusoma na kuandika, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake mbaya. Siku ya kwanza aliandika katika daftari la zamu: "Nimeripoti saa kumi na mbili asubuhi. Hali ni shwari. Daraja sijaliona." Siku ya pili aliandika hivyo hivyo. Baada ya wiki tatu daftari lilifika wizarani, na wizarani walifikiri kwa utaratibu. Daraja lipo, kwa kuwa lina muhuri. Daraja halionekani, kwa kuwa mlinzi amesema. Kitu kilichopo kisipoonekana, kimeibwa. Na aliyekuwa karibu nacho kila siku ni nani?

Zahoro aliitwa. Waziri alikuwa ameegemea katika kiti chake maarufu, cha ngozi nyekundu, chenye mgongo mrefu kuliko mtu na magurudumu ya shaba. Alikiogopea sana kiti kile. Hata wafagiaji walikifuta vumbi wakiwa wamesimamiwa.

"Kijana, daraja halina miguu," alisema Waziri. "Mpate aliyelichukua. Mpate kabla ya Ijumaa."

Zahoro alikwenda Lwembezi, akatazama nguzo mbili na maji yaliyopita katikati yake bila wasiwasi. Alielewa kila kitu. Kisha akafungua nati moja kwenye gari la kituo, akampita Ndaro begani, akamuuliza saa. Ndaro alipopekuliwa mbele ya mashahidi, nati ilikuwa mfukoni mwake. Alisema neno moja tu: "Afande, mkono wako ulikuwa wa baridi."

Hakimu aliamua kwamba mtu aliyekutwa na nati ya daraja asipoeleza zilipo sehemu zilizobaki, basi amezificha. Ndaro akafungwa miaka kumi na minne. Zahoro akapandishwa cheo, na tangu siku hiyo hakukaa.

*

Sasa nchi hii ina marafiki wa ng'ambo, nao ni marafiki wadadisi. Mwaka huu waliandika barua kuuliza: katika miaka yote ya uhuru wenu, ni kiongozi au afisa gani amewahi kutubu? Baraza likakaa siku mbili. Majalada yalipekuliwa. Hakupatikana hata karani.

Ndipo Waziri wa Madaraja na Maadili alipohutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Toba ni sekta. Tumeiacha mikononi mwa misikiti na makanisa kwa muda mrefu mno. Serikali yenu sikivu imedhamiria kuzalisha toba ya kisasa hapa hapa nchini, kwa malighafi ya ndani. Tutatengeneza filamu! Humo mtamwona kachero fisadi. Mtaona njama nzito. Mtaona dhamiri ikimwamsha, na mtamwona akiifichua njama yote mpaka chini. Nasema mpaka chini. Juu hatutafika, maana juu hakuna tatizo."

Kazi ilipewa mwongozaji mmoja, Bibi Semeni Lukoo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya king'ora. Aliomba hadithi. Masijala wakampa jalada moja lililokuwa likizuia mlango usijifunge, nalo lilikuwa la daraja la Lwembezi. Semeni alilisoma asubuhi moja, akaelewa alichoelewa Zahoro, akaandika muswada. Waziri aliusoma ukurasa wa kwanza, akakuta neno "shujaa", akatia saini. Alikuwa amezindua madaraja mengi na hakuwa na kawaida ya kuyakumbuka kwa majina.

Zahoro aliletwa kuwa mshauri wa ufisadi. Alipofungua muswada na kuiona nati katika ukurasa wa tatu, mkono wake uliingia mfukoni wenyewe.

"Inspekta, mbona unazungukazunguka?" aliuliza Semeni. "Kaa tuzungumze."

"Nasikia vizuri nikiwa nimesimama, bibi."

Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la Waziri. Upo waraka wa serikali unaokataza mtu yeyote kuigiza nafasi ya Waziri, au sauti yake, au kivuli chake. Ikakubaliwa kwamba katika dakika ya kumi na mbili, mahali ambapo mkubwa anamwagiza kachero amfunge mlinzi, kitaonekana kiti tu. Waziri alipoletewa picha ya kiti kilichochaguliwa, cha mbao na kamba, alichukia. Alisema cheo chake hakiwezi kuwakilishwa na stuli. Akapeleka kiti chake mwenyewe, kwa gari, na askari wawili wa kukisindikiza.

Tatizo la pili lilikuwa la wafungwa. Kazi za umma hufanywa na wafungwa, na mlinzi katika muswada alikuwa mfungwa. Gereza likamtoa aliyepo. Ndaro Mtepa akashushwa kutoka kwenye karandinga, mikono ikiwa na pingu, ili aigize kuwa Ndaro Mtepa.

*

Kachero alipaswa kuigizwa na mwanasanaa maarufu wa jukwaa. Alikuwa na kifua kipana na machozi ya papo kwa papo, lakini mbele ya mfuko wa Ndaro alitetemeka. Alijaribu mara kumi na moja.

"Kata!" alipiga kelele Semeni. "Baba, unatia nati au unatia chumvi? Mfuko wote umeonekana! Inspekta, hebu tuonyeshe wewe. Taratibu tu."

Zahoro aliichukua nati. Akampita Ndaro begani, akamuuliza saa, akaenda zake.

"Sasa itie," alisema Semeni.

"Imeshaingia, mama," alisema Ndaro, akaitoa mfukoni kwa mikono yake yenye pingu, akaiinua juu ili wote waione.

Uwanja mzima ulipiga makofi. Mwanasanaa maarufu alimkumbatia Zahoro na kumwita mwalimu. Tangu saa ile nafasi ya kachero ikawa ya Zahoro.

Wakati wa chakula, Ndaro alikaa chini kwenye kivuli cha gari na sahani ya wali na maharage. Zahoro alimzunguka mara tatu kabla ya kumkaribia.

"Kaa basi, afande. Unanitia kizunguzungu."

"Nimezoea kusimama."

"Mimi nimezoea kukaa. Mwaka wa sita huu." Ndaro alitafuna kwa makini kama mtu mwenye muda mwingi. "Siku ile mkono wako ulikuwa wa baridi. Leo una jasho. Umezeeka, au umeanza kuwa mtu?"

Zahoro aliufuta mkono ule kwenye suruali.

"Haya, nijibu hili, ni la kazi. Kwenye filamu mnaniachia lini?"

"Dakika ya tisini na moja."

"Na filamu ikiisha?"

"Unarudi gerezani."

"Basi mwambie yule mama aifanye ndefu." Ndaro alicheka mwenyewe, kisha akaacha. "Binti yangu alikuwa na miaka minane nilipoondoka. Siku hizi ananiandikia barua kwa mkono wake. Ananiuliza daraja nimelificha wapi, akalirudishe kwa niaba yangu."

Zahoro aliondoka bila kuaga. Alilizunguka lile gari mpaka wapigapicha wakamwomba apumzike, kwa sababu alikuwa akitimua vumbi.

*

Filamu ilipokamilika ilipelekwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Filamu, Dokta Mpoyola, mtu ambaye hakuwahi kucheka kazini wala kulia, na kwa sababu hiyo aliaminiwa. Juu ya meza yake palikuwa na mihuri mitatu: wa buluu, Hadithi ya Kubuni, wa kijani, Hadithi ya Kufundisha, na mwekundu, Hadithi ya Kweli. Mwekundu ulikuwa bado ndani ya karatasi yake ya dukani.

Waziri alikuwepo. Semeni alikuwepo. Zahoro alisimama karibu na dirisha, akibadilisha miguu.

"Kuna kasoro," alisema Dokta Mpoyola. "Kanuni ya tisa: mkosaji aadhibiwe kabla ya dakika ya mia. Kachero wenu, dakika ya tisini na nane, anavishwa nishani."

"Si ametubu!" alisema Semeni.

"Toba si adhabu, bibi. Kutubu hata mimi naweza. Afungwe. Nani atanipa idadi ya miaka?"

"Kumi na minne," alisema Zahoro.

Wote wakamgeukia.

"Sawa na ile aliyomfungisha mwenzake," aliongeza. "Hadithi ipate kulingana."

Semeni alimvuta kando. "Kaka yangu, una nini wewe? Nishani ilikuwa tayari kifuani!"

Zahoro hakumwambia alichokuwa nacho. Tangu siku ile ya wali na maharage alikuwa ameisoma Sheria ya Muhuri kila asubuhi, akitembea, na alikuwa amepata njia moja tu ya kumtoa Ndaro. Rufaa ingekanusha muhuri wa mahakama. Ungamo lingekanusha muhuri wa polisi. Lakini filamu haikanushi kitu. Filamu inakubali kwamba mlinzi alifungwa, kisha inasema kwamba ameachiwa. Ikipigwa muhuri mwekundu, Ndaro ni mtu huru. Na kachero anaingia mahali pake. Zahoro alikuwa na miaka arobaini na tisa. Hesabu ya umri atakaotoka nao ilikuwa fupi, na aliifanya tena na tena kana kwamba jibu lingebadilika.

Onyesho la kifungo likapigwa picha, likaunganishwa. Wiki iliyofuata walirudi kwa Mkaguzi. Dokta Mpoyola aliunyanyua ule muhuri wa buluu, akaupulizia pumzi.

Mkono wa Zahoro uliingia mfukoni, ukapekua, ukatoka. Hapo angeweza kunyamaza. Aliwahi kunyamaza kwa mambo makubwa zaidi na akapandishwa cheo.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Toba ya kubuni ni toba gani? Wale wa ng'ambo wataisoma buluu. Watasema nchi hii hata kutubu imebuni."

Waziri alikunja uso. "Hilo kweli. Wana macho wale."

"Lakini Mheshimiwa," alisema Dokta Mpoyola, "mwekundu una athari zake. Kila kilichomo kitakuwa—"

"Mimi nimo?"

"Wewe humo, Mheshimiwa."

"Jina langu limo? Uso? Sauti?"

"Hapana. Kimo kiti."

"Basi unaogopea kiti? Piga wa kweli! Nchi yangu haitubu kwa buluu!"

Karatasi ya dukani ikachanwa. Muhuri ulishuka kwa sauti ndogo, kama mlango wa mbali unaofungwa.

*

Filamu ilionyeshwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi Mkuu wa Gereza alisoma cheti cha filamu, kilichoorodhesha matukio dakika kwa dakika, akamkimbilia Ndaro na kumfokea.

"Wewe unafanya nini humu? Umeachiwa tangu Ijumaa! Siku tatu unakula chakula cha serikali bila haki! Toka!"

Ndaro alitolewa nje kwa kusukumwa, ndala mkononi, bila kupewa nafasi ya kusema asante.

Mchana ule Zahoro alijipeleka langoni. Mlinzi wa zamu, Sajini Tenge, alimtazama kwa mashaka.

"Una barua ya mahakama?"

"Nina filamu."

Walimvisha sare. Sare za gereza hazina mifuko. Mkono wake ulishuka ubavuni, ukatafuta, ukakosa hata pa kuingia.

Baada ya saa moja mlango ulifunguliwa tena na kiti chekundu kikasukumwa ndani kwa magurudumu yake ya shaba. Kilikuwa kimekamatwa wizarani kwa kosa la dakika ya kumi na mbili, yaani kumwagiza afisa wa polisi amfunge mtu asiye na hatia. Walikisomea haki zake. Walikiuliza kama kina la kusema, wakasubiri kwa muda unaotakiwa, kisha wakaandika: "Alikataa kutoa maelezo." Kwa kuwa filamu iliisha bila kutaja hukumu ya kiti, kiliwekwa mahabusu.

"Huyu ni mtuhumiwa mwenzako," Sajini Tenge alimwonya Zahoro. "Kesi yake haijasikilizwa. Usimkalie."

"Mimi huwa sikai," alisema Zahoro, na akaanza kutembea: hatua nne mpaka ukutani, hatua nne mpaka kwenye kiti.

Huko wizarani, Waziri alikuwa hana pa kukaa. Aliletewa viti sita akavikataa vyote kwa kuwa vilikuwa vya cheo cha chini. Ilisemekana anahutubia vikao akizunguka meza, na makatibu wakuu wamepata maumivu ya shingo.

*

Wiki ya tatu Ndaro alikuja kumtembelea Zahoro. Alileta mihogo ya kukaanga katika karatasi. Wakati Sajini akipekua karatasi ile, Ndaro alijaza daftari la wageni lililokuwa juu ya meza, nje kidogo ya nondo za chumba. Kulikuwa na jina la mgeni, jina la anayetembelewa, na uhusiano wao. Katika uhusiano aliandika: "Tuliigiza pamoja."

"Wamenirudisha kazini," alisema. "Kumbe sikufukuzwa. Hakuna aliyekumbuka kunifukuza."

"Na unaandika nini siku hizi?"

"Kile kile. Hali ni shwari, daraja sijaliona." Alimpitishia ile karatasi ya mihogo kati ya nondo. "Binti nimemwonyesha zile nguzo. Amecheka mpaka amelia. Kula, afande, itapoa."

Zahoro hakula. Alikuwa akilitazama lile daftari.

"Sajini," aliita, "hilo daftari hupigwa muhuri?"

"Kila jioni. Unataka lisipigwe?"

"Na kila mgeni hujaza? Hata mkubwa?"

"Hata angekuja mama yangu mzazi."

Zahoro alitembea hatua nne, akarudi. Kisha akainamia nondo.

"Ndaro, ndugu yangu, nifanyie jambo. Pitia wizarani. Mwambie yeyote utakayemkuta mlangoni kwamba kile kiti chekundu kinakaliwa na mfungwa."

Uso wa Ndaro ulibadilika. "Uongo tena? Umesimama hapo kama mlingoti."

"Sitaki useme uongo," alisema Zahoro. "Nimekwisha na hayo."

Akageuka. Akakivuta kiti. Akakaa.

"We! Mkwiche! Nilikwambia nini?" Sajini alipayuka, funguo zikimponyoka. Lakini Zahoro alikuwa ameegemeza mgongo wake kwenye ngozi nyekundu, amekaa kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita.

"Sasa ni kweli," alisema. "Nenda."

*

Waziri alifika kabla ya adhuhuri, bila dereva kumfungulia mlango.

"Kiko wapi? Nani amekikalia? Fungua, nichukue kiti changu!"

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Sajini Tenge. "Jaza daftari."

"Mimi nijaze?"

"Kila mgeni, Mheshimiwa. Jina lako, jina la unayemtembelea, uhusiano."

Waziri aliandika jina lake. Katika anayetembelewa aliandika: Kiti. Kalamu ikasimama kwenye uhusiano. Akiandika "rafiki", itakuwa aibu. Akiandika "mpita njia", hatakabidhiwa. Kupitia nondo alimwona Zahoro amekaa, kichwa kikiwa palepale kichwa cha Waziri kilipozoea kuegemea, na hasira ikamwendesha mkono. Aliandika kwa herufi kubwa: "NI CHANGU. TANGU KILIPOUNDWA, HADI KUWEKWA HUMU, HAKIJAWAHI KUKALIWA NA MTU MWINGINE YEYOTE ISIPOKUWA MIMI." Na kwa kuwa hakumwamini mtu, akatoa muhuri wake mwenyewe mfukoni, akaupiga juu yake.

Sajini Tenge alisoma pole pole. Alikuwa ameiona ile filamu mara tatu, maana wafungwa huonyeshwa kila Jumatano. Aliikumbuka vizuri dakika ya kumi na mbili, amri ya kumfunga mlinzi ilipotoka kwenye kile kiti. Akasoma tena, safari hii kwa kidole.

"Mheshimiwa," alisema kwa heshima zote, akitafuta ufunguo, "karibu ndani."

"Nimeshaingia!"

"Ndani zaidi kidogo."

Mlango ulifunguliwa, Waziri akaingia kwa haraka kwenda kwenye kiti chake, na mlango ukafungwa. Alisikia kufuli likilia. Aligeuka. Akatembea hatua nne mpaka ukutani, akarudi. Sajini alikuwa tayari anaandika.

Zahoro aliinuka, akakisukuma kile kiti mbele kwa mikono yote miwili.

"Karibu ukae, Mheshimiwa," alisema.

Yeye akakaa chini, sakafuni, akafungua karatasi ya mihogo iliyokuwa imepoa. Mkono wake wa kulia ulichukua kipande kimoja, ukakipeleka kinywani, kisha ukatulia juu ya goti.